Kuisimamisha darubini ya kompyuta Lamu, mahali mhimili unapolala

Kitabu cha maelekezo kinachokuja ndani ya sanduku la darubini kimeandikwa kwa mtu wa kaskazini. Kinamwambia aitafute Polaris, nyota inayokaa karibu na ncha ya kaskazini ya anga, aulenge mhimili wa stendi kwayo, kisha aendelee na kazi. Mtu wa Lamu akifuata ukurasa huo atakesha bure, kwa sababu kwetu Polaris haichomozi kamwe. Mji wetu uko digrii 2 na dakika 16 kusini mwa ikweta. Ncha za anga ni mahali pawili ambapo nyota zote huonekana kupazunguka. Ya kaskazini imezama chini ya upeo wa macho, na ya kusini imeinuka digrii 2 tu na ushei juu ya maji, ndani ya utusitusi wa chumvi ambamo hata nyota angavu hufifia.

Hilo lisimvunje mtu moyo. Ukaribu huo huo na ikweta ndio unaotupa karibu anga yote. Mtu wa London hauoni Msalaba wa Kusini akiwa kwao, na mtu wa Cape Town haioni Polaris. Sisi, mwaka ukizunguka, tunapitiwa na nyota za pande zote mbili, na nyingi hupita juu sana, mbali na vumbi na mvuke wa upeo. Kinachotakiwa ni kujua namna ya kuulaza mhimili. Mhimili ukilala sawasawa kuelekea kusini kabla ya jua kuzama, kazi kubwa imekwisha.

Mwongozo huu ni wa aliyenunua au kuazima darubini yenye mota na rimoti, ya aina inayokaa juu ya stendi ya ikweta, na anataka kuitumia juu ya dari ya nyumba mjini Lamu, kwenye mchanga wa Shela, au Malindi. Nitataja Lamu zaidi, na Malindi nitaitaja pale hesabu inapobadilika.

Stendi hii inafanya nini

Stendi ya ikweta ina mihimili miwili. Mhimili mkuu hulazwa uwe sambamba na mhimili wa dunia. Dunia humaliza mzunguko wake mbele ya nyota kwa saa 23 na dakika 56, na mota huuzungusha mhimili mkuu kwa mwendo huo huo, kinyume chake, hivyo nyota hukaa mahali pamoja ndani ya lenzi. Mhimili wa pili hulielekeza bomba kaskazini au kusini. Upande mmoja wa mhimili wa pili hukaa bomba, na upande wa pili hutoka fimbo ya chuma yenye jiwe la mizani.

Katika nchi za Ulaya mhimili mkuu huinuka kwa digrii 40, 50 au zaidi. Kwetu umelala karibu sambamba na ardhi, na kulala huko kunaleta mambo matatu ambayo kitabu hakiyasemi. La kwanza, si kila kichwa cha stendi kinaweza kushuka kiasi hicho. La pili, jiwe la mizani linaning'inia moja kwa moja chini na linaweza kugonga mguu wa stendi. La tatu, uzito wote unasogea upande wa kusini, na stendi inaweza kupinduka.

Kwanza, kichwa kinashuka hadi wapi

Kabla ya kutoa pesa, tafuta katika maelezo ya stendi kipimo cha latitudo inayoweza kufanyia kazi. Advanced VX ya Celestron, kwa mfano, inafanya kazi kuanzia digrii 7 hadi 77. CGX ya kampuni hiyo hiyo inashuka hadi digrii 3, kwa hiyo Malindi, iliyo digrii 3 na dakika 13, inatosha bila hila yoyote, ila Lamu inapungukiwa kidogo. Nyingine huishia digrii 15, na hizo ningekushauri uziache kama unakaa pwani hii. Baadhi ya stendi za iOptron hushuka hadi 0.

Ikiwa kichwa chako kinagota digrii 7, usikilazimishe kwa spana. Inamisha stendi yenyewe. Mota hazijui kama miguu imesimama sawa. Zinachotaka ni mhimili mkuu uelekee panapostahili. Inua mguu wa kaskazini, au fupisha miguu miwili ya kusini, mpaka mhimili ushuke digrii zinazobaki. Hesabu yake ni nyepesi: kama kutoka mguu wa kaskazini hadi mstari wa miguu miwili ya kusini ni sentimita 90, kila digrii 1 inataka kuinua takriban sentimita 1.6. Kutoka digrii 7 kushuka hadi 2.3 ni kuinua sentimita 7 na nusu hivi.

Matofali na vipande vya mbao vilivyopangana ni hatari, vitateleza. Kwa anayeiweka stendi mahali pamoja daima, bora amwendee fundi wa mbao amchongee kabari moja nzima yenye kishimo cha kukalia ncha ya mguu. Mafundi wa majahazi wa Matondoni wanazijua pembe kuliko kifaa chochote cha dukani, na kabari ya mbambakofi itavumilia chumvi.

Kuchagua mahali

Dari la nyumba ya kale ya Lamu ni mahali pazuri: pako juu, upepo wa bahari unapita, na mataa ya mjini yako chini yako. Tatizo ni sakafu. Sakafu iliyolazwa juu ya boriti hutikisika mtu akitembea, na ndani ya lenzi inayokuza mara 100 mtikisiko huo huwa tetemeko. Usiiweke stendi katikati ya sakafu. Isogeze karibu na ukuta mnene wa mawe, miguu miwili ikae pale sakafu inapobebwa na ukuta wa chini ikiwezekana, na wageni wakae chini badala ya kuzungukazunguka.

Ufukwe wa Shela unaangalia bahari kuu, na upande wa kusini uko wazi hadi majini. Mchanga lakini hunywea. Weka chini ya kila mguu kipande cha ubao kipana kama sahani, kikanyage kizame kidogo kwanza, ndipo usimamishe. Angalia pia maji. Usiku wa giza tunaoutaka ni ule wa mwezi mwandamo, na siku hizo ndizo za bamvua, maji yanapopanda kuliko kawaida. Soma jedwali la maji kujaa na kupwa kabla hujachagua pa kukaa, kisha panda juu zaidi ya mstari wa takataka za bahari.

Mwambie mzee wa mtaa na walinzi wa jirani kwamba utakuwa nje usiku na kifaa kirefu cha chuma. Neno moja la mchana linaokoa maelezo mengi ya usiku. Na usitumie taa ya leza ya kijani kuelekeza nyota. Uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo tu ya maji, na leza humpofusha rubani.

Kwa majira, Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua zikiwa mbali, ndiyo miezi ya kuaminika. Masika ifunge darubini. Kusi ina usiku mzuri wa hapa na pale, ila upepo wake hutikisa bomba, hivyo tafuta kinga ya ukuta.

Kuipata kusini kwa uhakika

Hapa ndipo napataka utulivu wako wote, maana mwelekeo ukipatikana mchana, usiku hutahangaika.

Njia ya haraka ni dira, na kwenye pwani yetu sindano ya dira hukosea kidogo tu, chini ya digrii 2. Ishike mbali na stendi, jiwe la mizani na betri, maana chuma huivuta. Wengi wetu tayari tuna programu ya kibla kwenye simu, na inafaa kazi hii vizuri sana: kibla cha Lamu kiko takriban digrii 2 na nusu tu magharibi ya kaskazini kamili, na cha Malindi hakifiki hata digrii 1. Mwenye kuelekea kibla Malindi amekwisha kuipa mgongo ncha ya kusini. Lamu, ukishakielekea kibla, geuka kidogo sana upande wa kulia upate kaskazini, na kusini iko nyuma yako.

Njia ya hakika zaidi ni kivuli, na ni ya kufanya mara moja kwa mwenye dari lake. Simamisha kijiti kilichonyooka cha nusu mita juu ya sakafu tambarare na ukihakikishe kwa timazi. Kwa uzi wa nusu mita uliofungwa chini ya kijiti, chora duara kwa chaki. Katikati ya asubuhi kivuli kitakuwa kinafupika, na ncha yake ikiigusa duara, weka alama. Alasiri kivuli kitarefuka na kuigusa duara upande wa pili, weka alama nyingine. Mstari unaounganisha alama hizo mbili ni wa mashariki na magharibi barabara. Chora mwingine unaoukata kwa pembe mraba, ukipita kwenye mguu wa kijiti, nao ndio wa kaskazini na kusini. Huhitaji saa, na njia hii inafanya kazi hata katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, jua linapopita utosini Lamu na kivuli cha mchana kukaribia kutoweka.

Wapo wanaopenda kungoja kivuli cha adhuhuri badala ya duara. Inawezekana, lakini lazima ujue jua halifiki katikati saa 6 kamili. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa longitudo 45, na Lamu iko karibu 41, kwa hiyo kwa wastani jua hukata katikati saa 6:16 mchana. Mwanzoni mwa Novemba ni saa 6:00, katikati ya Februari ni saa 6:31. Malindi ongeza dakika 3. Na kwa kuwa jua letu hupita juu sana, kivuli hugeuka upesi: hata mwezi Juni, dakika 1 ya kuchelewa ni kosa la nusu digrii. Duara ni bora.

Mstari wa mwisho ukaupake rangi. Kila jioni utaishukuru rangi hiyo.

Kuisimamisha

Anza saa 11 jioni. Jua huzama Lamu kati ya saa 12:05 na 12:40 mwaka mzima, giza letu huingia haraka, na isha inapoadhiniwa anga imekwisha kuwa nyeusi.

1. Fungua miguu mitatu, mmoja uelekee kaskazini na miwili isimame pande mbili za mstari wa kusini. Kitabu kitakuambia mguu mmoja uelekee nchani. Huku kwetu mguu huo ndio utakaogongwa na jiwe la mizani. Kama kijiti cha chuma kinachoshika kichwa kiko juu ya mguu mmoja na kinaweza kufunguliwa, kihamishe upande wa pili. Kama hakihami, nunua nguzo fupi ya kuinulia kichwa juu ya miguu.

2. Tandaza miguu mpaka mwisho na uifupishe. Miguu miwili ikiwa kusini, stendi hupinduka upande huo kwa urahisi zaidi, kwa sababu uzito umeegemea ukingo ulio kati ya miguu na si mguu wenyewe. Ning'iniza mfuko wa mchanga kwenye mguu wa kaskazini au chini ya kitovu cha stendi. Kilo 10 zinatuliza mengi.

3. Weka kichwa, kilenge kwenye mstari wa kusini, kisha kishushe hadi digrii 2 na robo kwa Lamu, au 3 na robo kwa Malindi. Usiamini sana namba zilizochongwa ubavuni, maana kama miguu umeiinamisha hazina maana tena. Fimbo ya jiwe ikiwa imeelekea chini kabisa na reli ya bomba imeelekea kusini, laza simu yenye kipimapembe juu ya reli hiyo na usome.

4. Tia fimbo, kisha jiwe la mizani, kisha msumari wa usalama kwenye ncha ya fimbo. Bomba ndilo la mwisho siku zote. Ukitanguliza bomba, kichwa kitazunguka chenyewe na kulipiga chini.

5. Sawazisha. Fungua klachi ya mhimili mkuu, laza fimbo iwe sambamba na ardhi, usogeze jiwe mpaka ukiachia hakuna kinachoshuka. Fanya hivyo kwa bomba kwenye mhimili wa pili, ukilisogeza mbele au nyuma likiwa na lenzi ya jicho na kila kitu utakachotumia. Mhimili ukiwa umelala, uzito usiosawazishwa huvuta kwa nguvu yake yote, kwa hiyo mota zetu zinaadhibiwa zaidi kuliko za Ulaya kwa uvivu ule ule. Ukishasawazisha, acha upande wa mashariki uwe mzito kwa unyoya tu, meno ya gia yabaki yamegusana.

6. Zungusha kila mhimili kwa mkono, polepole, pande zote. Tazama jiwe likipita kando ya miguu, tazama mkia wa bomba likielekezwa utosini, tazama nyaya. Palipo na hatari ya kugonga, pajue sasa kungali na mwanga.

Kifuniko cha bomba kibaki mahali pake mpaka jua limezama, na cha darubini ndogo ya kulengea pia. Jua kupitia lenzi hupofusha kwa kufumba na kufumbua, na watoto hupenda kuchungulia. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa na Kenya itaona sehemu yake. Anayetaka kulielekezea darubini siku hiyo aanze sasa kutafuta kichujio kamili cha kufunika mdomo wa bomba.

Umeme

Mota zinataka volti 12 zisizoyumba. Betri ya sola ya nyumbani inafaa, mradi waya uwe mnene na mfupi. Kwenye waya mwembamba mrefu volti hushuka, na stendi yenye njaa ya umeme hufanya mambo ya ajabu: hukimbia upande usioamriwa, husahau nyota, hujizima. Ukiona vituko, pima umeme kwanza kabla ya kulaumu kompyuta. Hakikisha pia chanya ni ile ya katikati ya plagi, kama kitabu cha stendi yako kinavyoonyesha.

Kuijibu rimoti

Rimoti itakuuliza mambo matano, na watu wetu hukwama hapa zaidi ya mahali pengine popote.

Saa: itaihesabu kuanzia usiku wa manane. Saa 2:15 usiku kwake ni 20:15. Saa 1:40 usiku ni 19:40. Ukiandika 2:15 itaamini ni alfajiri na kuitafuta nyota iliyo upande wa pili wa dunia.

Tarehe: rimoti nyingi huanza na mwezi, ndipo siku. Tarehe 5 Februari ni 02/05.

Kanda ya saa ni +3, na swali la kusogeza saa kwa majira lijibu hapana. Hatusogezi.

Mahali: Lamu ni latitudo 2°16′ S, longitudo 40°54′ E. Malindi ni 3°13′ S, 40°07′ E. Simu nyingi huandika kwa desimali, mfano 2.27, na hiyo siyo digrii 2 na dakika 27. Zidisha .27 kwa 60 upate dakika 16. Ikiwa orodha ya miji inayo Nairobi tu, usiichague kwa uvivu, maana Nairobi iko digrii 4 magharibi yetu na bomba litaelekezwa pembeni kwa upana wa miezi minane.

Herufi S ndiyo ya kuangaliwa kuliko zote. Rimoti huja ikiwa na N, na ukiiacha, mota itazungusha mhimili kinyume. Nyota badala ya kutulia itakimbia kwa kasi maradufu, na kwenye lenzi inayoonyesha digrii 1 ya anga itatoka katikati na kupotea kwa dakika 1. Ukiona hivyo usiku, usishike skrubu yoyote. Rudi kwenye ukurasa wa mahali.

Nyota za kulinganishia

Sasa darubini inataka kuonyeshwa nyota mbili au tatu inazozijua kwa jina. Itajielekeza yenyewe karibu na nyota, na wewe utaiingiza katikati kwa vitufe, kwanza kwenye darubini ndogo, kisha kwenye lenzi. Maliza kila mara kwa vitufe vile vile viwili, cha juu na cha kulia kwa mfano, ili ulegevu wa gia uende upande mmoja.

Chagua nyota mbili za kwanza upande mmoja wa anga, mashariki au magharibi, na ya tatu upande wa pili. Ziepuke zilizo utosini kabisa na zilizo chini ya digrii 20. Katikati ya Februari saa 2 usiku, mashariki unazo Sirius, Procyon na Pollux, magharibi unazo Aldebaran na Achernar. Mwanzoni mwa Agosti saa hiyo hiyo, mashariki zipo Vega na Altair, magharibi Arcturus na Spica. Zijifunze kwa macho kwanza. Rimoti haina njia ya kujua kwamba umeiingizia Procyon ukaiita Pollux, na itakuamini mpaka asubuhi.

Kwa kutazama kwa jicho tu, hapa unaweza kusimama. Mhimili ukikosea hata digrii 1, kompyuta itajirekebisha baada ya kulinganishwa, na utapata unachotafuta.

Kuunyoosha mhimili kwa ajili ya picha

Mwenye kamera anahitaji zaidi. Kosa la digrii 1 huichepusha nyota karibu sekunde 16 za tao (sekunde 3,600 za tao ni digrii 1) kila dakika, na picha itatoka na mistari badala ya nukta.

Rimoti za Celestron na za SynScan (zinazokuja na stendi za Sky-Watcher) zina sehemu ya kunyoosha mhimili bila kuiona ncha. Unachagua nyota angavu, bomba linaelekea mahali nyota ingekuwa kama mhimili ungekuwa sawa, nawe unairudisha katikati kwa skrubu za kichwa, si kwa vitufe. Isiwe nyota ya utosini, kwa sababu ukikigeuza kichwa kando, nyota ya utosini haisogei na hutajua umefanya nini. Februari tumia Canopus ikiwa kusini, takriban digrii 40 juu ya bahari. Ukimaliza, zilinganishe nyota upya.

Asiye na sehemu hiyo atumie mchepuko, njia ya zamani isiyoshindwa. Tia lenzi ya jicho yenye msalaba. Chagua nyota iliyo karibu na ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, inapokata katikati ya anga. Kwetu Mintaka, katika mkanda wa Orion, inapita karibu kabisa na utosi, na katikati ya Februari hufika hapo saa 2 na robo usiku. Iache dakika 5 bila kugusa kitu. Ikikengeuka kuelekea kaskazini, ncha ya mhimili imezidi mashariki, igeuze magharibi. Ikienda kusini, fanya kinyume. Mwendo wa mashariki na magharibi usiujali. Ukitaka kujua kaskazini ni wapi ndani ya lenzi, lisukume bomba kidogo upande wa kaskazini: nyota itakimbilia upande wa kusini.

Kisha chukua nyota nyingine karibu na ikweta ya anga, upande wa mashariki, digrii 20 hadi 30 juu ya upeo. Ikienda kaskazini, mhimili uko chini mno, uinue. Ikienda kusini, ushushe. Rudia mbili hizi mpaka dakika 5 zipite bila mchepuko. Kazi hii haina haraka, na mimi naipenda, maana unaushika mzunguko wa dunia kwa vidole.

Sasa tazama

Februari anza na wingu la Orion, M42, lililo karibu na utosi, kisha Wingu Kubwa la Magellan upande wa bahari. Mei omba NGC 5139, yaani Omega Centauri, kundi la mamilioni ya nyota lililo umbali wa miaka ya nuru 17,000 hivi, linaloinuka kwetu hadi digrii 45. Novemba utapata usiku mmoja kundi la nyota la 47 Tucanae kusini na galaksi ya Andromeda kaskazini, na Kilimia kikipanda mashariki. Mwezi, Mshtarii na Zohali waonyeshe wageni kwanza, hasa watoto. Wingu la kijivu halimshiki mtu aliyetazama kwa mara ya kwanza.

Kuna nyota moja ambayo kila mwenye darubini wa pwani hii anapaswa kuitafuta walau mara moja. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani, nayo ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Miongoni mwa vitu ilivyovichunguza ni Cygnus X-1, ambayo sasa inajulikana kuwa shimo jeusi linaloinyonya nyota jirani yake. Shimo halionekani. Nyota jirani inaonekana, ya mwangaza wa daraja la 8.9, hata kwa darubini ndogo. Fungua ukurasa wa kuandika namba na uiandikie rimoti, kwenye R.A. (mahali pa nyota mashariki-magharibi angani) saa 19, dakika 58, sekunde 22, na kwenye Dec (umbali wake kutoka ikweta ya anga) digrii +35, dakika 12. Kuanzia Agosti hadi Oktoba jioni utaikuta upande wa kaskazini, na inapokata katikati ya anga hufika zaidi ya digrii 50 juu.

Kitu kinapovuka katikati ya anga, stendi itasimama au itajigeuza bomba lihamie upande wa pili. Si hitilafu. Msogeze mtu aliye karibu na ushike nyaya zisijizonge.

Kufunga

Umande wa pwani ni mzito. Uzungushie mdomo wa bomba mkeka wa sponji uliokunjwa uwe kama bomba refu zaidi, mbele ukiwa wazi, na lenzi ikishika ukungu usiifute, iache ikauke. Mwisho wa kazi toa bomba kwanza, kisha jiwe, kisha fimbo. Pangusa kila chuma kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo na chumvi, kisha kikavu, maana chumvi hula skrubu kabla ya kula kitu kingine. Mchanga usiuache karibu na gia. Lenzi ziingie kwenye kisanduku chenye vifuko vya kukausha unyevu, na bomba lisifunikwe mpaka lifikie joto la chumba. Betri ichajiwe usiku huo huo.